Deni Langu la Tunduma

Mwaka 1994 niliondoka Tunduma nikiwa na deni. Nilikuwa nimevuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, na fedha kidogo niliyokuwa nayo ilikwisha hamia mfuko wa mtu mwingine kabla sijafika kituo cha mabasi. Ikanibidi nimngojee ndugu yangu aliyekuwa anakuja na lori kutoka Mbeya. Lori likaharibika njiani, na kungoja kwangu kukawa kwa siku mbili. Siku hizo mbili nililishwa na mama mmoja aliyekuwa akipika chini ya turubai kando ya barabara kuu. Hakunijua, wala mimi sikumjua. Alinitazama mara moja, akanipa sahani ya wali na maharage, kisha akachukua daftari lenye jalada lililoloa mafuta ya kupikia, akaandika jina langu na kuchora kijiti kimoja. Siku ya kuondoka vijiti vilikuwa vinne.

"Mama," nilimwambia, "nikifika nyumbani nitakutumia kwa watu wa basi."

"Haya, mwanangu. Safari njema," akajibu, akamgeukia mteja mwingine.

Sikutuma. Mwanzoni nilikuwa sina, baadaye nikasahau, na mwishowe nikaona haya kwa kuwa nimechelewa mno.

Siandiki insha hii ili nitubu mbele ya msomaji. Nataka kuuliza swali ambalo deni lile liliniachia: yule mama na turubai lake walifikaje pale? Habari za Tunduma zimeandikwa, lakini zilizoandikwa ni za mpaka, barabara, bomba la mafuta, reli na forodha. Ni nadra kusoma waliojenga vitu hivyo na waliopita juu yake walikula wapi, nani aliwapikia, na kwa bei gani.

Tuanze na jina. Kwa miaka mingi Watanzania tumemwita mwanamke anayeuza chakula kilichopikwa "mama ntilie". Neno hilo ni sauti ya mteja mwenyewe: "Mama, nitilie!" Mtu ana haraka, lori linaunguruma, zamu ya kazi inakaribia, ananyoosha sahani na kuomba atiliwe. Baadaye likaja jina la heshima zaidi, "mama lishe", ambalo viongozi hulipenda katika hotuba. Jina la kwanza limetoka mdomoni mwa mwenye njaa, na la pili linanukia ofisi. Nitatumia la kwanza, kwa kuwa ndilo nililolitumia siku nilipokuwa sina kitu.

Katika nchi za Unyamwanga na Unyiha, kama ilivyokuwa kwa sehemu nyingi za bara letu, hapo kale msafiri hakununua ugali. Alibisha hodi, akapewa mahali pa kulala, akala walichokula wenyeji. Waswahili walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wazee wengi waliona aibu kumwuzia mgeni chakula kilichokwisha pikwa. Nafaka iliweza kubadilishwa kwa chumvi au jembe, lakini chakula kilichoiva kilikuwa cha watu, hakikuwa cha soko.

Mpaka wenyewe haukuletwa na wenyeji. Ulichorwa katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, mstari uliopita kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ukawaacha Wanyamwanga wengine huku na wengine kule. Hadi leo lugha yao inasikika Momba na inasikika Nakonde. Mtu aliyekwenda kumsalimia shemeji yake alijikuta, bila kuhama, amekwenda nchi ya kigeni.

Kilichobadilisha habari ya chakula kuliko mpaka ni kazi ya mshahara. Kuanzia miaka ya 1920 na 1930 wanaume wa nyanda hizi walianza kuondoka kwa wingi, wengine wakielekea migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wengine machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya. Njiani walibeba unga wao, na kazini walipewa posho. Neno hilo "posho", ambalo leo lina maana ya fedha za kikao, lilikuwa na maana ya unga wa kupimiwa. Mtu aliyefanya kazi mbali na jiko la mkewe au mama yake alikuwa na fedha mfukoni na hakuwa na wa kumpikia. Hapo ndipo chakula kilichoiva kinapogeuka bidhaa. Si Afrika tu. Katika magofu ya Pompeii, mji wa Italia uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, wachimbuaji wamekuta vibanda vya kuuzia chakula cha moto, na mitungi imejengewa mezani. Wateja wake wengi walikuwa watu wa kawaida ambao vyumba vyao havikuwa na jiko. Huko Ghana nyumba kama hizo huitwa chop bar, Nigeria huitwa buka, na ndugu zetu wa Kenya huita kibanda. Majina ni tofauti, na aliyeketi ndani ni yule yule: mtu wa kazi aliye mbali na mafiga ya kwao.

Hata hivyo, Tunduma ya zamani ilikuwa mahali padogo. Kilichoifanya mji ni tangazo lililotolewa mbali sana na hapo. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith, katika Rhodesia ya Kusini, ilijitangazia uhuru kwa nguvu. Zambia ilikuwa imepata uhuru wake mwaka mmoja tu nyuma, Oktoba 1964, na mafuta yake, pamoja na shaba yake iliyoiletea fedha, yalipita kusini kwa hao hao walowezi. Njia ile ilipoingia mashakani, Zambia iligeuza uso kaskazini, kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Kati ya bandari na migodi palikuwa na barabara ya vumbi, yenye matope wakati wa masika, milima na mabonde. Wazungu walioendesha magari humo waliipa jina la njia ya jehanamu. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya uchukuzi ya Zambia na Tanzania, na malori ya Fiat yakaanza kupishana usiku na mchana, mapipa ya mafuta yakienda, shaba ikirudi.

Lori moja lilikuwa na dereva na utingo. Watu wawili hao hawakupita mpakani bila kusimama, maana palikuwa na karatasi za kugongwa mihuri. Waliposimama walitaka chai, na baada ya chai walitaka ugali. Mwanamke wa kijiji cha jirani aliyekuwa na sufuria mbili na mafiga matatu alikuwa tayari na mtaji. Hakuna kumbukumbu ya siku ya kwanza ya biashara hiyo, na sidhani aliyeianza alijua kwamba anaanza jambo.

Baada ya hapo mambo yalifuatana haraka. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi. Miaka ya mwanzo ya 1970 barabara kuu iliwekwa lami. Mwaka 1970 ulianza ujenzi wa reli ya TAZARA kwa msaada wa China, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Reli ilifika mpakani Tunduma mwaka 1973, na Julai 1976 ilikabidhiwa kwa nchi mbili zenyewe. Maelfu ya vijana wa Kitanzania na Kizambia, pamoja na mafundi wa Kichina, walisogea na reli hiyo kambi kwa kambi.

Hapa lugha yetu imehifadhi ushahidi ambao makaratasi hayakuhifadhi. Neno "genge" lina maana ya kundi la watu, hasa la wafanyakazi. Na hilo hilo lina maana ya mahali panapouzwa vyakula. Maana ya pili ilizaliwa pembeni mwa ya kwanza: palipokuwa na genge la wajenzi wa barabara au reli, palitokea wauza vyakula, na mahali pale pakachukua jina la wateja. Huko Tunduma ipo hata leo kata iitwayo Makambini.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo ni lazima nilitaje, maana bila hilo hadithi haieleweki. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa upana wa milimita 1,067, sawasawa na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika, tofauti na reli ya zamani ya kati ya Tanzania yenye milimita 1,000. Kwa hiyo behewa la mizigo laweza kutoka Dar es Salaam likavuka mpaka hadi migodini bila mzigo kuhamishwa. Lori nalo husimama. Lina dereva mwenye hati yake, mzigo wenye hati zake, wakala wa forodha, na mizani. Reli iliipa Tunduma stesheni, lakini ni lori lililoipa jiko.

Msomaji asije akadhani kwamba wanawake walikimbilia kupika kwa sababu ya faida tu. Miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980 ilikuwa migumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta duniani, ukame na makosa yetu wenyewe vilifanya sukari, sabuni, unga na nguo viadimike. Mshahara wa mume mfanyakazi, ambao zamani ulilisha nyumba mwezi mzima, ukawa haumalizi hata wiki mbili. Mwanamke alitoka nje na sufuria kwa sababu ndani hapakuwa na la kufanya tena. Ni katika miaka hiyo mama ntilie alienea katika miji yetu yote, mbele ya viwanda, kwenye majengo yanayojengwa, bandarini na vituoni.

Serikali haikumpokea kwa furaha. Mwaka 1983 palikuwa na msako wa wahujumu uchumi, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi, iliyotaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulikana. Katika Dar es Salaam watu wasio na vitambulisho vya kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini. Swali la kama kupika chakula cha kuuza ni kazi lilikuwa halijapata jibu, ingawa aliyeuliza swali huenda alikuwa ametoka kula. Mpakani palikuwa na mashaka ya ziada, maana mfuko wa unga ulioko jikoni ulitakiwa ueleze umetoka upande gani. Zambia wakati huo ilikuwa inauza unga kwa bei iliyopunguzwa na serikali, na unga una miguu: hufuata bei. Ruzuku ile ilipoguswa, Desemba 1986, palitokea ghasia katika miji ya migodi, na zikatokea tena mwaka 1990 huko Lusaka. Mwenye jiko la Tunduma alizipata habari hizo kabla ya redio, kwa kuwa asubuhi unga ulikuja kidogo au haukuja kabisa.

Naomba sasa nieleze jinsi sahani moja inavyopatikana, maana wengi tumekula bila kutazama.

Mama huamka saa kumi alfajiri. Kwanza ni moto, kisha maharage, ambayo mengine yalichemshwa tangu jana ili kuokoa mkaa. Chai na maandazi ni kwa madereva waliolala ndani ya malori. Supu na chapati ni kwa wenye fedha kidogo zaidi. Saa tano sufuria kubwa za wali na ugali zinakuwa tayari, kwa kuwa wabeba mizigo hula mapema. Mchele mzuri hutoka Kamsamba, bondeni Momba, au Kyela na Usangu; maharage na mahindi hutoka Mbozi; dagaa hufika kutoka Ziwa Tanganyika kwa njia ya Sumbawanga, na njia hiyo ilipowekwa lami samaki walianza kufika wakiwa na hali nzuri. Kwa hiyo Tunduma mtu wa hali ya chini anaweza kula, kwa bei ya chini, vitu ambavyo wakubwa mijini huviagiza kutoka mbali.

Siri ya bei iko kwenye upawa. Bei ya mahindi au mafuta ya kupikia inapopanda, mama haongezi bei siku ile ile, maana mteja wake huhesabu shilingi yake tangu usiku. Anachofanya ni kupunguza kijiko kimoja cha mboga, au kukata nyama vipande vidogo zaidi, au kuongeza maji katika mchuzi. Wateja hujua. Husema, "Mama, leo umenibania," naye hujibu, "Mwanangu, nenda kaulize bei ya mafuta." Na mchuzi wa nyongeza haulipiwi, hiyo ni sheria ambayo hakuna bunge lililoipitisha. Kwa njia hiyo upandaji wa bei huingia mjini polepole, sahani kwa sahani, na makali yake ya kwanza humwishia mpishi.

Mpakani kuna hesabu nyingine tena. Mteja mmoja hulipa kwa shilingi, wa pili kwa kwacha, wa tatu anataka chenji ya fedha tofauti na aliyotoa. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu katika fedha yake, kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1. Wanauchumi waliandika taarifa ndefu. Jikoni mambo yalikwisha kwa siku chache, kwa kuwa mwanamke ambaye kila asubuhi hubadili kichwani fedha za nchi mbili hatishwi na sifuri. Na chakula chenyewe hakihitaji kubadilishwa: Mzambia husema nshima, Mtanzania husema ugali, na wote hunawa mikono kwa jagi moja.

Halafu kuna daftari. Kwenye vibanda vingi utakuta maandishi ya kukataa mikopo: kukopa harusi, kulipa matanga. Chini ya maandishi hayo hayo, mkopo unaandikwa. Hauepukiki. Mbeba mizigo analipwa jioni lakini anakula mchana. Dereva amekwama siku sita, na fedha za njiani alizopewa na tajiri wake ni za siku tatu. Mama anaamua kwa kumtazama mtu usoni, hana dhamana nyingine. Akikosea mara nyingi, mtaji unakufa na mtoto anarudishwa shule kwa ada. Ninapofikiria vijiti vyangu vinne, hapo ndipo panaponiuma. Kwangu lilikuwa deni dogo. Kwake lilitoka katika mfuko ambao ulikuwa ununue mchele wa kesho.

Tangu wakati ule mji umekua kwa kasi inayotisha. Katika sensa ya mwaka 2012 halmashauri ya mji wa Tunduma ilikuwa na watu wasiofika 100,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walizidi 200,000. Mwaka 2016 mkoa mpya wa Songwe uliundwa kutoka Mbeya, makao makuu yakawekwa Vwawa. Chipsi na mayai vimeingia, na nyama ya nguruwe wanaofugwa Mbozi ina wateja wake wa jioni. Wapishi wanaume wapo pia, nao huitwa baba lishe. Hata hivyo sahani ya wali maharage haijaondoka, kwa sababu anayeihitaji hajaondoka.

Serikali nayo imebadili sauti. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, ili wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka wasisumbuliwe. Mwaka 2024 ulizinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mama lishe wamekuwa wakitajwa na kugawiwa mitungi ya gesi. Ni hatua njema. Mapafu ya wanawake hawa yamevuta moshi wa kutosha. Ila mtungi wa kwanza ni zawadi, na wa pili hununuliwa. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kadiri ya fedha ya siku ile, ilhali gesi hutaka fedha nyingi kwa mara moja. Asiyelijua hilo atashangaa kuona mtungi mtupu umegeuzwa kiti.

Na sasa nifike penye ugumu. Oktoba 2019 marais Magufuli na Edgar Lungu walifungua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani Tunduma na Nakonde, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili, na siku za kungoja ziwe saa. Nani atapinga? Lori linaposimama, mwenye mali anapata hasara, mafuta na sembe vinapanda bei kwa mnunuzi wa mwisho, na dereva anakaa mbali na mkewe. Katika miaka ya 1990 na iliyofuata tuliona jinsi ukimwi ulivyofuata barabara kuu na kuvizia vituo vya malori. Foleni si baraka.

Lakini foleni ndiyo iliyokula kwa mama ntilie. Mei 2020, wakati wa korona, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache, ilionekana wazi: bila watu wa kuvuka, mikahawa inabaki na nzi. Mwaka wa jehanamu kwa dereva waweza kuwa mwaka wa ada kwa mtoto wa mpishi. Je, ni haki kuomba mwenzako acheleweshwe ili sufuria yako imalizike? Nimelifikiri swali hili kwa muda mrefu, na kila mara naona limeelekezwa kwa mtu asiyestahili kulijibu. Mama ntilie hakuleta foleni. Aliikuta, akaifanya ivumilike. Kabla yake dereva alingoja na njaa. Baada yake alingoja ameshiba. Waliofaidika na ucheleweshaji kwa namna isiyo halali ni wengine, nao hawakuwa wameshika mwiko.

Isitoshe, foleni haikuisha. Mizigo ya Kongo na Zambia iliongezeka kuliko kituo, na katika miaka iliyofuata mistari ya malori ilirefuka kilomita nyingi kutoka mpakani, kuelekea Mpemba na kupita. Majiko yakaifuata. Wanawake walibeba sufuria na madumu ya maji wakaenda kupika mahali ambapo hapakuwa na choo, bomba wala kivuli. Mwaka 2025 umetiwa saini mkataba na kampuni ya Kichina wa kuifufua TAZARA, iliyokuwa imedhoofika kwa miaka mingi. Ikifaulu, mizigo mingine itatoka barabarani na kurudi relini, nayo reli, kama nilivyosema, haisimami sana. Majiko yatahama tena.

Lawama yangu basi ni hii. Katika mipango ya mpaka huu, tangu mwaka 1965 hadi leo, tumepanga mahali pa kuegesha lori, pa kulipima na pa kugonga muhuri. Mahali pa mwenye lori kula tumemwachia mama mmoja na turubai, na kila barabara inapopanuliwa yeye ndiye wa kwanza kuambiwa aondoke. Ukija ugonjwa wa kipindupindu tunamfungia biashara kwa kuwa hana maji safi, na ugonjwa ukiisha hatumletei maji. Sidai ajengewe jumba. Bomba la maji, vyoo, sakafu ya saruji na paa la bati karibu na maegesho, kwa kodi anayoiweza, vingegharimu sehemu ndogo sana ya fedha iliyotumika kwa mizani moja. Wakati mwingine masoko hujengwa mbali na wateja, na wapishi wakirudi barabarani huitwa wakaidi. Mwenye kupika hufuata mwenye njaa, na mpango usiojua hilo hautadumu.

Miaka kadhaa iliyopita nilirudi Tunduma kwa shughuli nyingine, nikaenda kando ya barabara kuu kutafuta lile turubai. Nilijua kwamba ni upuuzi. Mahali pale pamekuwa maduka ya simu na wakala wa fedha. Niliuliza wazee wawili, lakini sikuwa na jina la kuwapa. Nililishwa siku mbili na sikuuliza jina. Wao walikumbuka akina mama wengi. Mmoja alihamia Vwawa, mwingine alifariki, mwingine watoto wake walimchukua Mbeya.

Niliingia kibanda cha nyuma ya maduka, nikaagiza wali maharage. Binti aliyepakua alikuwa na umri wa kuweza kuwa mjukuu wa yule mama. Nikamsimulia habari yangu, nikamwomba apokee fedha ya sahani nne zaidi, niondoke nimetulia. Alisikiliza huku akifuta meza.

"Baba," akasema, "huyo anayekudai si mimi. Mimi nakudai ya leo tu."

Nilimlipa ya leo. Kisha nikamwuliza jina lake, akanitajia, na nililiandika katika daftari langu kabla sijatoka.